Cheti Shingoni, Bomba Mgongoni

Kijiji cha Ujamaa Migungani,
Ihanja, Singida.
11 Januari, 1976

Mke wangu mdogo Cecilia,

Kwanza nikuonye. Barua yako ya mwisho uliniandikia shikamoo mwanzoni, na mwishoni ukaiweka tena, kama mtu anayefunga mzigo kwa kamba mbili. Tangu lini mke akamwamkia mumewe shikamoo? Unanizeesha mbele ya watu. Siku ulipozaliwa nilitangaza kwamba huyu mjukuu ni mke wangu, na baba yako hakubisha. Ukiandika tena, andika "mume wangu, habari za huko". Shikamoo wapelekee wazee.

Mimi nimefika salama kutoka huko kwenu Kiomboi. Lori lilinishusha Ihanja, nikaja kwa miguu na cheti changu cha kupuliza dawa nimekivaa shingoni kwa kamba, ndani ya ile nailoni uliyonipa. Mke mwenzio Marietha akaniuliza kama nimeuzwa mnadani. Nikamwambia asome. Hajui kusoma, lakini muhuri aliuona, na jioni hiyo nyama aliyonipa ilikuwa kubwa kuliko siku zote za ndoa yetu.

Hujaniuliza ilikuwaje mtu wa darasa la pili, tena la misheni, apelekwe mafunzoni kwenye kituo chenu. Ilikuwa hivi. Barua ya kituo ilisema kijiji kisicho na mpulizaji mwenye cheti hakipewi dawa ya pamba. Mwenyekiti wetu Melkizedeki akaisoma mkutanoni: kuna ada ya mafunzo, kuna ada ya cheti, kuna ada ya leseni inayolipwa upya kila mwaka, na zote ni kwa kila kichwa. Watu wakaguna. Jembe ni la wote, trekta ni ya wote, shamba ni la wote, iweje sumu peke yake iwe ya mtu mmoja mmoja? Wakakubaliana kumlipia mmoja tu. Mwaka juzi walimlipia Gasto, naye alipokipata cheti akaenda nacho Shinyanga, mpaka leo anapulizia pamba ya watu wa huko kwa mshahara. Basi mtu mmoja akasimama akasema, safari hii tumpe mzee Mughwai, kwa magoti yale hafiki hata Mkiwa, sembuse Shinyanga.

Walicheka mpaka mkutano ukataka kuvunjika, nami nilicheka. Nikauliza, na hilo bomba la kupulizia dawa litabebwa na nani? Mwenyekiti akasema, wewe lete cheti kwanza.

Halafu kuna huyo kijana wako, Antipasi wa mama Elina. Anapita mbele ya tembe yangu kama mtu aliyepoteza mbuzi. Anaijua desturi: kabla wazee wake hawajaja kwa baba yako kutaja ng'ombe, msimu mmoja atafanya kazi kwa babu wa msichana. Babu ndiye anayechagua kazi, na kijana haruhusiwi kusema imemshinda wala kuwasimulia watu ni kazi gani. Mimi nilichimbishwa na babu yake Marietha kisima cha ng'ombe kwenye mawe. Huyu namtafutia yake. Hawezi kuninyang'anya mke hivi hivi.

Mumeo,
Mughwai


Kituo cha Mafunzo ya Dawa,
Kiomboi.
20 Januari, 1976

Mume wangu, habari za huko.

Umeona nimetii. Wenzangu ofisini wameisoma barua yako wakataka kujua huyo mume wangu ana umri gani. Nimewaambia bado ana meno ya mbele.

Sasa acha utani kidogo unisikilize. Mkufunzi wetu, Ndugu Leonidas, hakutaka kukupa cheti. Alisema yule mzee hawezi kubeba bomba lililojaa, na hapa jina lililo kwenye cheti ndilo liwe la mgongo unaobeba bomba. Mimi ndiye niliyemwomba. Nikamwambia akuulize kwa mdomo, maana unavyoandika anajua mwenyewe, na kwamba hapo kijijini utabeba bomba nusu, kidogo kidogo. Akakubali kwa sababu ulijibu yote. Mpaka leo darasa linasimulia lile jibu lako: bomba linalovuja usimpe hata adui yako abebe. Kwa hiyo cheti chako nimekichapa mimi kwa mkono wangu. Usiniaibishe.

Dawa ya mwaka huu si ule unga mliouzoea. Hii ni ya maji, nayo inapita kwenye ngozi kama mafuta, mtu asisikie kitu. Vaa ovaroli na mabuti mliyopewa. Ukiona kazi imekuzidi, rudisha cheti. Hakuna atakayekucheka zaidi ya wanavyokucheka sasa.

Na Antipasi usimwonee. Mpe akukandikie paa la tembe, linavuja tangu nikiwa mtoto. Tukijaliwa, baada ya mavuno wazee wao watakuja.

Msalimie bibi. Mwambie nyama kubwa ni ya mke mdogo.

Mkeo,
Cecilia


Migungani,
2 Februari, 1976

Mke wangu,

Barua yako imenikuta natoka shambani, nanuka kitunguu saumu kilichooza. Ndivyo inavyonuka hiyo dawa yenu. Marietha amehamisha kitanda chake.

Kazi inakwenda. Juzi Bwana Shamba alikuja na pikipiki bila taarifa, lakini pikipiki yake inasikika tangu bondeni, ina kikohozi. Alipofika akanikuta katikati ya pamba, ovaroli mwilini, mabuti miguuni, bomba mgongoni, cheti kinaning'inia kifuani. Nikampulizia mistari miwili, nikitembea kwa madaha kama bwana harusi. Akaandika kwenye daftari lake, akanipa mkono. Akasema vijiji vingine vingekuwa na wazee kama wewe nchi ingesonga. Melkizedeki alikuwa nyuma yake, anatazama mawingu.

Wewe na huyo Leonidas wako mlisema sitaweza. Mmeona.

Kijana wako nimeshampa kazi. Usiniulize ni ipi, desturi unaijua. Si ya paa. Paa hata mimi naweza, siku nikitaka. Hii ni ya kutembea, inampanua kifua. Mimi nakaa pembeni mwa shamba namsimulia habari za zamani, naye anacheka mpaka anasimama. Jana alinijia mgongo wote umelowa, maji yanamtiririka hadi kwenye kaptura. Nikamwambia, unatoka jasho kama mwali anayesikia ngoma, na ndoa yenyewe bado. Akatabasamu tu. Ana adabu, hilo silikatai. Naanza kuogopa kwamba atakuchukua kweli.

Mumeo,
Mughwai


Migungani,
9 Februari, 1976

Mpenzi Cecilia,

Natumaini hujambo. Mama naye hajambo, anakusalimu sana.

Babu yako ananipenda, ingawa hawezi kulisema. Kazi aliyonipa siruhusiwi kuitaja, lakini si mbaya, na inakaribia kwisha. Nikiifanya yeye hukaa kando ananichekesha, siku inapita. Wenzangu wengine walilimishwa mawe.

Kuna kitu kidogo kinanisumbua. Macho yanatoka machozi muda wote, na nikitazama kibatari naona kama kimefunikwa na ukungu. Mate nayo yanajaa mdomoni, nalala natema. Mama anasema ni minyoo. Kichwa kinauma nikitoka shambani, kisha asubuhi kinaacha. Labda ni vumbi. Usimwambie babu yako. Atasema kazi imenishinda, kisha aanze kuhesabu msimu upya, na mimi nataka mwaka huu huu wazee waje.

Nikiona pamba inavyochanua nakukumbuka.

Wako,
Antipasi


Kiomboi,
17 Februari, 1976

Mume wangu,

Leo sina maneno mengi. Bomba linabebwa na nani?

Antipasi ameniandikia. Hakukusema vibaya, wala hakutaja kazi yake. Ameniambia tu habari za macho na mate, akaniomba nisikwambie. Hayo mambo mawili niliyachapa mwenyewe kwenye karatasi za mafunzo mpaka nayajua kwa moyo, nawe uliyasikia darasani kutoka kwa Ndugu Leonidas.

Nijibu neno moja. Ukinijibu kwa utani nitajua.

Cecilia


Migungani,
24 Februari, 1976

Mke wangu mkali,

Mke wa siku hizi anamhoji mumewe kama polisi wa barabarani. Kisa ni kusoma.

Bomba liko kwa mwenye cheti. Kijiji kizima kinajua cheti ni cha nani, hata kuku wanajua.

Antipasi ana homa. Ni homa ya kawaida tu, mvua zimekuwa nyingi na mbu wameota pembe. Wamempeleka zahanati, mwenyekiti akamweleza mganga kwamba ni malaria, mganga akampa vidonge vya malaria. Mganga angefanya nini zaidi? Tumemwambia hivyo. Antipasi mwenyewe amelala kwa mama yake. Nilikwenda kumwona nikamwambia, unajifanya mgonjwa ili mke wangu aje akuuguze. Zamani hapo angecheka. Amenitazama tu, na kidevu kinacheza.

Basi. Habari nyingine hakuna. Pamba ni nzuri, funza wamekufa wote. Marietha anakusalimu.

Mumeo,
Mughwai

Jambo jingine dogo. Nina ng'ombe mmoja hapa, wa rafiki yangu. Nadhani aligusa ile dawa. Si kuinywa, ilimmwagikia tu mgongoni, siku kadhaa. Anatoa machozi na mate, misuli inamtetemeka, na tangu jana anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Ndugu Leonidas alisema nini juu ya hilo? Siku hiyo nadhani nilikuwa nachekesha watu. Nijibu upesi, mwenye ng'ombe ana wasiwasi.


Kiomboi,
1 Machi, 1976

Babu,

Barua hii nampa utingo wa basi la Singida, aipandishe lori la kwanza la Ihanja. Usiisome mara mbili, amka uende.

Huyo ng'ombe mpeleke hospitali ya mjini leo. Si zahanati. Chukua kopo la dawa lenyewe, lile lenye picha ya fuvu, umwonyeshe daktari alisome. Mwambie imeingia kwa ngozi na ni siku ngapi. Dawa ya kuipinga ipo, wanachoma sindano, lakini hawachomi kama hawajui ni nini. Mkiendelea kusema malaria atakufa kwa malaria mliyoitunga.

Mvueni zile nguo, mzifukie. Muogesheni kwa sabuni, kichwa hadi kucha.

Kijiji kisikushike. Leseni iende. Kazi yangu iende.

Cecilia


Migungani,
6 Machi, 1976

Cecilia,

Yu hai. Naliandika hilo mbele ili usisome mengine ukiwa umesimama.

Barua yako imenikuta mlangoni kwa Elina. Nilikuwa nimekwenda pale tangu asubuhi, nikikaa nje, siingii wala siondoki. Utingo alimpa dereva, dereva akampa mwanamke anayeuza karanga, na yule mwanamke akaja nayo mbio. Watu wema bado wapo.

Sasa nakuambia yote. Wewe ulishajua, lakini kujua kwako si sawa na kusema kwangu.

Bomba sikulibeba hata siku moja nzima. Siku ya kwanza nilijaribu likiwa nusu, nikatembea mstari mmoja, goti la kushoto likakataa, nikakaa chini na bomba mgongoni kama kobe. Vijana walicheka. Melkizedeki akasema, cheti ni cha kijiji, kimelipiwa na kijiji, basi yeyote atabeba, mzee atembee pembeni na cheti chake. Nikaona ni akili. Hapo tukaanza kubishana nani abebe, kila mtu akasema si zamu yake. Mimi nikamwona Antipasi anapita. Nikasema, kazi ya kijana wa uchumba imepatikana. Watu wote wakapiga makofi. Niliona nimefanya mzaha mkubwa kuliko yote niliyowahi kufanya: nimekikomboa kijiji, nimempima mchumba, na mimi nimekaa kivulini.

Ovaroli na mabuti yalikuja saizi yangu, na yule kijana ana mwili wa fahali. Alivaa kaptura yake na shati, na jua likiwa kali alivua shati. Siku Bwana Shamba alipokuja walinivisha mimi haraka haraka, na ndani ya bomba yalikuwa maji ya kisima.

Lile bomba lilikuwa linavuja kwenye kifuniko. Lilivuja tangu wiki ya kwanza. Niliuona mgongo wake, Cecilia. Nilikuandikia wewe mwenyewe kwamba ni jasho. Niliposema mambo ya mwali na ngoma nilikuwa natazama dawa inashuka kwenye uti wa mgongo wake. Pua yangu ilijua, maana jasho halinuki kitunguu saumu. Lakini mzaha ulikuwa umeshanijia mdomoni, na mimi mzaha ukinijia mdomoni siwezi kuumeza. Naye hakusema kitu kwa sababu desturi inamkataza kusema kazi imemshinda, na mwenye kuisimamia hiyo desturi ni mimi.

Nilipomaliza barua yako niliingia ndani. Melkizedeki alikuwepo. Elina amemkalisha mwanawe ukutani, anampangusa mate kwa kanga. Nikasema, Elina, mwanao hana malaria. Alikuwa anabeba bomba langu.

Melkizedeki akasema, "Mzee, hebu toka nje tuzungumze."

Nikasema, "Tuzungumze hapa hapa."

"Ukilisema hilo mjini umekimaliza kijiji. Leseni wanaichukua. Pamba ya watu wote inaliwa na funza. Utawaambia nini watu?"

"Na huyu akifa utawaambia nini?"

"Nani kasema anakufa? Kila mtu anapata malaria."

Elina hakumwangalia mwenyekiti. Alikuwa ananiangalia mimi. Hakuniuliza kwa nini. Angeuliza ningejibu, ningetafuta hata uongo. Alisema tu, "Anapumua kama anazama."

Sikuwa na la kufanya ila kwenda kulitafuta kopo. Niliporudi nalo, Melkizedeki alikuwa bado amesimama pale pale. Akaingiza mkono mfukoni akanipa ufunguo wa trekta, akasema, "Mpelekeni. Hayo mengine nitayajibu mimi." Sitamsema vibaya tena yule mtu. Woga wake ulikuwa wa kijiji. Mimi wangu ulikuwa wa kuchekwa.

Tulimwogesha kama ulivyosema. Tukamlaza kwenye tela, juu ya majani, Elina amekishika kichwa chake. Njia ile unaijua ilivyo wakati wa mvua. Nilikuwa namwita jina. Nilimwahidi kwamba nimemwachia mke wangu, amchukue, hata leo, bila ng'ombe. Hakunisikia.

Mjini tulimkuta daktari kijana. Akanusa kopo, akamfunua Antipasi macho, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Hakupoteza muda, alimchoma sindano, akangoja, akamchoma nyingine. Kisha akatugeukia. Akauliza kwa nini hatukusema tangu siku ya kwanza. Nikamvulia cheti changu nikampa, nikidhani kitamweleza. Akakisoma. Akauliza, "Mughwai ni yupi?" Nikasema ni mimi, ila aliyebeba bomba ni huyu. Akanirudishia. Akasema, "Sasa wewe umevaa hiki cha nini, mzee?"

Nimeyabeba hayo maneno mpaka nyumbani.

Jioni mate yalikauka na pumzi ikatulia. Elina amebaki naye. Mimi walinirudisha na trekta, kwa sababu wodini hakuna kazi ya mtu kama mimi.

Mughwai


Kiomboi,
11 Aprili, 1976

Kwa Babu Mughwai,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 6 Machi niliipata. Niliomba ruhusa nikaenda mjini Singida, nikakaa na mama Elina wodini. Sikufika Migungani. Samahani kwa bibi.

Antipasi alipona macho na kifua, tukafikiri imekwisha. Katika wiki ya tatu miguu ikaanza kufa ganzi, kuanzia vidoleni, ikapanda. Daktari alisema baadhi ya dawa za aina hiyo hufanya hivyo, hurudi kuchukua kilichobaki. Nimemhamishia hospitali ya hapa Kiomboi ili nimwone mchana nikitoka kazini. Anasimama akishika chuma cha kitanda. Hatua mbili au tatu anapiga. Kijiko anakishika kwa mikono miwili. Wanasema huenda miguu ikarudi, huenda isirudi yote.

Hana hasira na wewe. Nimemwuliza zaidi ya mara moja. Anasema ulikuwa unamchekesha. Mimi nikisikia hivyo natoka nje ya wodi.

Nilimwendea Ndugu Leonidas nikamwambia kwamba nilikuombea cheti nikijua huwezi kubeba bomba. Nimeondolewa kwenye kuchapa vyeti, sasa niko mapokezi. Alinionea huruma, wengine wangefukuzwa. Leseni ya Migungani imefutwa. Kijiji kikitaka dawa tena, kila atakayebeba bomba asome na alipiwe ada yake mwenyewe, apimwe ovaroli yake mwenyewe. Tafadhali rudisha cheti kwa njia ya posta.

Tutaoana. Nimeshasema hivyo kwa baba, na mama Elina amekubali. Wazee wao watakuja baada ya mavuno kama ilivyopangwa. Baba ndiye atakayewasikiliza. Nimemwomba wewe usikae katika kikao hicho, naye amesema atakuambia, lakini nimeona ni adabu uyasikie kutoka kwangu.

Nakutakia afya njema. Shikamoo.

Mjukuu wako,
Cecilia


Migungani,
25 Aprili, 1976

Mjukuu wangu Cecilia,

Marahaba.

Marahaba na ile ya pili, ya mwishoni. Nimeipokea pia.

Kikaoni sitakaa. Baba yako alikuja kuniambia, akawa anazunguka zunguka na habari za mvua, nikamhurumia nikamwambia nimeshajua. Siku hiyo nitakwenda kuchunga.

Cheti kimo humu ndani. Nailoni yake ina alama ya jasho langu, la kweli. Mpe Ndugu Leonidas. Kamba nimeibakiza, nina kazi nayo.

Kijiji kilikaa mkutano tena. Hakuna aliyecheka safari hii. Funza wamerudi kwenye pamba, na watu wanaiangalia tu. Melkizedeki amesema msimu ujao watalipiwa vijana wanne, na kama fedha hazitoshi tutalima alizeti. Mtu mmoja akauliza, na wakikimbilia Shinyanga? Mwenyekiti akasema waende, wakiwa na miguu ya kwendea. Walinitazama, kisha wakatazama chini.

Sasa kazi yangu. Shamba la uwele la Elina limeiva, na ndege wameingia kama wingu. Kila mwaka anayewafukuza ni Antipasi, na mwaka huu Elina anakwenda shambani peke yake, tena inambidi aje huko kwenu kumwona mwanawe. Basi nilikwenda kwake nikapiga hodi, nikasema nimekuja kuamia ndege. Hakuitikia. Hakunifukuza pia. Nikapanda dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, magoti yakalia, nikakaa. Ile kamba ya cheti nimefungia debe bovu la mafuta ya taa, nalivuta linapiga kelele, ndege wanaruka. Kopo la dawa nimelizika mbali.

Naondoka nyumbani alfajiri. Desturi ninaijua kuliko wote hapa: anayefanya kazi ya ukwe haombi maji, hachagui kazi, hasemi imemshinda. Nilizoea kuisimamia nikiwa nimekaa. Huku juu ya dungu ni jua tupu, na sauti imenikauka kwa kupiga kelele. Siku za mwanzo Elina alipita chini yangu kama anapita chini ya mti. Mke wangu Marietha ananiuliza nitaacha lini. Nimemwambia mwenye kuniachisha ni Elina, si mimi.

Jana niliposhuka nikakuta kibuyu cha maji kwenye mpaka wa shamba. Sikukigusa, hakuna aliyeniambia ni changu. Leo kilikuwepo tena, na Elina amesimama kando yake. Akasema, "Kunywa." Nikanywa. Akasema, "Kesho wahi, ndege wa alfajiri ndio wanaomaliza."

Kulikuwa na mzaha hapo, Cecilia. Niliuona kabisa, umekaa mdomoni tayari. Nikaumeza pamoja na maji. Nikasema, "Ndiyo, mama."

Mwambie Antipasi uwele wa mama yake upo.

Babu yako,
Mughwai